Rafiki wa Dhiki: Uhakiki wa Filamu ya Wanuri Kahiu

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu huikariri bila taabu. Katika makala haya tunakusudia kuitumia kama kipimo cha filamu iitwayo Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya na kutolewa mwaka 2018. Filamu hii imebishaniwa sana mahakamani na mitaani, lakini imehakikiwa kidogo kama kazi ya sanaa. Wajibu wa mhakiki ni kuuliza kazi inasema nini na inakisemaje, kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Chimbuko la filamu ni hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo imeandikwa kwa umbo la barua kutoka kwa msichana mmoja kwenda kwa mwenzake. Kahiu ameiacha barua, akahamishia kisa Nairobi. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja, na baba zao, John Mwaura na Peter Okemi, ni wapinzani katika uchaguzi. Wasichana hawa wanapendana kwa mahaba. Siri yao inafichuka, umati unawapiga, polisi wanawakamata, na baba zao wanakwenda kuwachukua kituoni. Ziki anapelekwa London. Miaka kadhaa inapita, Kena anakuwa daktari, ndipo anaposikia kwamba mwenzake amerejea.

Msomaji wa Shakespeare atakumbuka mara moja Romeo na Juliet na uhasama wa nyumba mbili. Lakini kufanana huko ni kwa nje tu. Katika tamthilia ile ukuta unaowatenga wapenzi umejengwa baina ya nyumba na nyumba. Katika Rafiki ukuta umo ndani ya kila nyumba, na ulikuwapo kabla ya mapenzi kuanza. Wazazi wa Kena wameachana. Baba ameoa mke mwingine, naye ni mjamzito. Mama amebaki na machungu yake na sala zake. Kena analala kwa mama na kushinda dukani kwa baba, akiishi kati ya watu wawili wasiosemezana. Mtoto wa namna hii hujifunza mapema kutotaka makuu. Ndiyo maana anaposema atakuwa muuguzi, ni Ziki anayemwambia kwamba anaweza kuwa daktari. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha mapenzi yao: Kena amepata mtu anayemwona kwa ukubwa wake, jambo ambalo nyumba iliyovunjika haikuwa na nafasi ya kulifanya.

Sasa tulitazame jina. Neno rafiki lina asili ya Kiarabu, na huko lilimaanisha mwenzi, hasa mwenzi wa safari. Leo linafahamika toka Lamu na Unguja hadi upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, unaotazamana na Nchelenge na kisiwa cha Chisenga. Mtunzi mwenyewe ameeleza sababu ya kulichagua: watu wa jinsia moja wanaopendana nchini Kenya hawawezi kutambulishana kama wapenzi, hivyo husema tu, huyu ni rafiki yangu. Neno linasitiri. Walimu wa Kiswahili wanajua mfano ulio kinyume chake. Shoga, ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa karne na karne kwa maana ya mwandani, leo likisomwa darasani katika riwaya ya zamani huzusha kicheko, kwa kuwa limetwikwa maana nyingine na kejeli juu yake. Neno moja limevuliwa sitara, jingine linatumika kama sitara. Mazungumzo ya filamu yanachanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, lakini jina lake ni Kiswahili kitupu, na uzito wake unaeleweka vema zaidi na mwenye lugha.

Tukipima kwa methali yetu, nani basi ni rafiki katika filamu hii? Baada ya kipigo Ziki hawezi hata kumtazama Kena. Hatumlaumu, kwani aliyevunjwa hana mkono wa kumwinua mwenzake. Anayefaa kwa dhiki ni John, baba yule yule aliyeivunja nyumba. Anakataa mwanawe abebeshwe lawama, ingawa anajua kwamba kwa kufanya hivyo huenda akaupoteza uchaguzi. Hatoi hotuba, wala hasemi kwamba amelielewa jambo lenyewe. Anachagua tu mtoto, akaacha kiti. Hapa ndipo jeraha la zamani linapoanza kupona, na linaanzwa kuponywa na mkono uliolitia.

Mwisho wa filamu ndio uliozua mzozo mkubwa. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka aubadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Mei mwaka huo filamu ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ikiwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa huko. Septemba Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku 7, na mwaka 2020 mahakama hiyo ikaithibitisha marufuku. Tunadiriki kusema kwamba bodi iliusoma mwisho ule kwa makini kuliko wengi walioisifu filamu. Sheria haikubadilika, mtaa haukutubu, wazazi hawakurudiana. Wawili wamekutana tena, basi. Tumaini dogo kiasi hicho likiweza kutisha, ni dhahiri kwamba sanaa imegusa penyewe.

Hata hivyo kasoro zipo. Mercy, mama yake Kena, amechorwa kwa rangi moja. Mwanamke aliyeachwa amekwisha kuonja ndimi za majirani. Hofu yake kwa bintiye ingeweza kutuuma sana, lakini tunapewa hasira na maombi tu. Mama Atim, mmbeya wa mtaa, naye hana zaidi ya umbeya wake. Kubwa zaidi ni ule mruko wa miaka. Tunaonyeshwa jeraha, kisha tunaonyeshwa kovu. Siku za kupona zenyewe, ambazo ndizo ngumu, zimeachwa nje ya picha. Je, Kena na baba yake walisema nini asubuhi iliyofuata? Mama alisamehe lini, kama alisamehe? Mtunzi wa riwaya asingeweza kuyakwepa maswali haya.

Pamoja na kasoro hizo, filamu imelirudishia neno moja la Kiswahili uzito wake wa kale. Tuwahimize walimu wenzetu, watakapoifundisha tena methali tuliyoanza nayo, wasiishie kwenye kuuliza maana yake. Waulize pia dhiki ni ya nani, na aliyefaa alipoteza nini.