Mazoezi ya Hadharani: Funzo la Kamirithu kwa Darasa la Tamthilia

Utangulizi

Kila mwaka, miezi michache kabla ya mtihani wa kitaifa, kumbi za shule zetu hujaa wanafunzi waliokuja kutazama tamthilia teule ikiigizwa. Kikundi cha waigizaji hufika asubuhi, huigiza kwa saa mbili hivi, wanafunzi hucheka na kupiga makofi, kisha kikundi huondoka kuelekea shule nyingine. Wiki moja baadaye mwalimu anaposahihisha insha za uhakiki, hukuta humo kichekesho ambacho hakimo kitabuni. Mwigizaji alikibuni ili ukumbi ucheke, naye mtahiniwa akakichukua kuwa ni kauli ya mwandishi. Alama zikapotea.

Makala hii hainuii kuwalaumu waigizaji hao. Wengi wao huwapa wanafunzi wetu nafasi ya pekee ya kuiona tamthilia ikitembea na kusema. Swali tunalouliza ni hili: onyesho la jukwaani linamfaa mhakiki mchanga kwa njia gani, na ni sehemu ipi ya onyesho ambayo sisi walimu hatumpi? Ili kulijibu tutachunguza maonyesho ya kituo kimoja cha jamii, Kamirithu kule Limuru, kisha tutazame jinsi mchezo wake ulivyorudi jukwaani jijini Nairobi mwaka wa 2022. Mwisho tutarudi darasani.

Kamirithu kwa ufupi

Kamirithu ni kijiji kilichoko Limuru, umbali wa kilomita thelathini hivi kutoka Nairobi. Katika mwaka wa 1976 wanakijiji walianza kukifufua kituo chao cha elimu na utamaduni. Shughuli ya kwanza ilikuwa masomo ya ngumbaru. Watu wazima walipokwisha kujua kusoma na kuandika walitaka kitu cha kusoma na cha kutenda, na hapo ndipo wazo la mchezo wa kuigiza lilipozaliwa. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliombwa kuandaa mswada kwa Kigikuyu. Kimani Gecau akawa mwelekezi.

Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, uliigizwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1977 katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe, wenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo kibali cha kuuigiza kilifutwa. Mchezo ulikuwa umeishi jukwaani kwa wiki sita na siku chache. Mwishoni mwa Desemba 1977 Ngugi wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978.

Kituo hakikukata tamaa. Mwaka wa 1982 kilikuwa tayari kuigiza Maitu Njugira katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, lakini milango ya ukumbi huo haikufunguliwa. Mazoezi yakahamishiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kuyatazama mazoezi yenyewe, wakijaa hadi madirishani. Yakasimamishwa. Mnamo Machi 1982 kituo kilipigwa marufuku, na polisi wakatumwa kuubomoa ukumbi wa wazi. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe.

Ni vyema mhakiki ajiulize: kwa nini ukumbi wa mbao na miti ubomolewe? Maandishi ya mchezo hayakuwa hatari kiasi hicho. Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kama kitabu mwaka wa 1980, ikasomwa. Kilichoogopwa ni watu kukusanyika, kuuona mchezo na kuujibu. Tofauti hiyo kati ya kitabu na onyesho ndiyo kiini cha hoja yetu.

Hadhira iliyosahihisha

Jambo lililoitofautisha Kamirithu na kumbi nyingine ni mazoezi yake. Kwa kawaida waigizaji hujifungia chumbani hadi mchezo ukamilike, na hadhira huja kupokea kitu kilichokwisha kuiva. Kule Kamirithu uteuzi wa waigizaji na mazoezi vilifanywa hadharani. Aliyepita njiani aliweza kusimama, akatazama, akatoa maoni yake.

Maoni hayo yalikuwa ya maana. Wazee walikosoa usemi wa wahusika wazee kwa kuwa haukuwa na heshima na methali za umri wao. Wafanyakazi wa viwandani walieleza kazi yao na ujira wao kwa kirefu. Waliopigana vita vya ukombozi walionyesha jinsi mambo yalivyofanyika msituni. Sehemu ya gitiiro, ambayo ni ushairi wa kuimbwa na kujibizana, ilitolewa neno kwa neno na mama mmoja wa kijijini ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo siku ya kwanza ya onyesho ilipofika, watazamaji wengi walikuwa wameshayajua maneno ya wahusika. Hata mvua ilipokatiza onyesho, watu walikwenda kujikinga kisha wakarudi kwenye viti vyao.

Mwalimu wa Kiswahili atatambua mara moja tunachokizungumzia. Tunapofundisha sifa za fasihi simulizi, tunawaambia wanafunzi kwamba hadhira yake ni hai, kwamba hushiriki, na kwamba utungo hubadilika kulingana na wasikilizaji. Kisha tunageukia tamthilia na kuifundisha kama kwamba ni riwaya iliyoandikwa kwa mazungumzo. Kamirithu inatukumbusha kuwa tamthilia ina mguu mmoja katika fasihi andishi na mwingine katika fasihi simulizi.

Hata hivyo, mhakiki asikubali kila jambo bila kulipima. Maelezo mengi tuliyo nayo kuhusu Kamirithu yametoka kwa washiriki wenyewe, hasa Ngugi wa Thiong'o katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind. Huo ni ushahidi wa mtu aliyekuwamo, naye alikuwa na msimamo wa kutetea. Aidha, tunasema mchezo ulitungwa na kijiji, lakini jalada lina majina ya watu wawili. Mama aliyetoa gitiiro hayumo. Swali la nani hasa ni mtunzi lingali wazi, na ni swali zuri la kuwatupia wanafunzi wa kidato cha nne.

Kurudi jukwaani, 2022

Mnamo Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika Ukumbi wa Taifa, Nairobi. Kikundi cha Nairobi Performing Arts Studio ndicho kilichoiandaa chini ya uelekezi wa Stuart Nash. Maonyesho yalikuwa ya lugha mbili kwa zamu: baadhi kwa Kiingereza, mengine kwa Kigikuyu. Ukumbi uliofungiwa kituo cha Kamirithu mwaka wa 1982 ulikuwa sasa umeupokea mchezo wake mkuu. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 akiwa Marekani, aliishi hadi kuliona jambo hilo likitendeka. Ngugi wa Mirii hakuliona, kwa kuwa alifariki Zimbabwe mwaka wa 2008.

Tuyapime maonyesho hayo kwa haki. Faida yake ya kwanza ni kwamba kizazi kilichozaliwa baada ya 1982 kiliuona mchezo uliokuwa kwao jina tu katika historia. Faida ya pili ni kusikika kwa Kigikuyu katika ukumbi wa taifa, katika kazi nzito na si katika kichekesho cha lafudhi.

Lakini kuna kilichobaki Limuru. Mfanyakazi wa kiwandani na mkulima wa ekari moja hawakuwa na nafasi ya kumwambia mwelekezi kwamba mtu wao hasemi hivyo. Hadhira ya Nairobi ilinunua tiketi, ikaketi, ikafurahi, ikaenda zake. Ilipokea mchezo uliokamilika. Huenda hakuna kundi la waigizaji wa kulipwa linaloweza kufanya vinginevyo leo, kwa kuwa ukumbi hukodishwa na muda ni pesa. Hilo halipunguzi ukweli kwamba maneno ya mchezo yalirudi, lakini mazoezi ya hadharani hayakurudi. Nayo mazoezi ndiyo yaliyokuwa shule.

Mifano miwili: anwani na hati

Tuchukue mifano miwili kuonyesha kile ambacho utendaji na lugha humfunulia mhakiki.

Wa kwanza ni anwani. Katika Kigikuyu, kitenzi kilicho katika anwani Ngaahika Ndeenda hutumiwa kwa mwanamke. Mwanamume ana kitenzi chake. Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili, na kwa hivyo tofauti hiyo hupotea. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, imeihifadhi, kwa kuwa sisi pia tunatenganisha kuoa na kuolewa. Zaidi ya hayo, kuolewa ni kauli ya kutendwa, lakini hapa msemaji anaiambatanisha na hiari yake: atatendwa atakapopenda mwenyewe. Mgongano huo mdogo wa kisarufi unabeba mgogoro mzima wa mchezo, wa watu wanaotendwa na wanaodai haki ya kuamua. Mwanafunzi wa Kiswahili yuko karibu zaidi na anwani hii kuliko aliyeisoma kwa Kiingereza.

Wa pili ni hati ya shamba. Kiguunda, kibarua maskini, ana ekari moja na nusu ya ardhi, na hati yake imetundikwa ukutani nyumbani kwake. Tajiri Kioi na wenzake wanaitaka ardhi hiyo ili wajenge kiwanda. Kiguunda na mkewe Wangeci wanashawishiwa wafunge ndoa ya kanisani, wanachukua mkopo wa benki kwa kuiweka ardhi rehani, na mwishowe wanaipoteza. Msomaji wa kitabu huiona hati hiyo katika maelezo ya jukwaani, akayapita. Mtazamaji hawezi kuipita. Iko ukutani mbele ya macho yake wakati wahusika wanakula, wanapogombana na wanapopokea wageni. Inapotoka mahali pake, hahitaji kuelezwa kwamba ishara ya uhai wa familia imeondoka. Mtahiniwa aliyeuona ukuta huo ataandika juu ya ishara kwa uhakika, bila kukariri orodha ya mbinu.

Darasani kwetu

Mwalimu atauliza: haya yote yanawezekanaje katika kipindi cha dakika 40, na silabasi haijakamilika? Tunapendekeza hatua tatu ambazo hazihitaji ukumbi, maleba wala kiingilio.

Kwanza, onyesho moja dogo lifanyiwe mazoezi mbele ya darasa zima badala ya tamthilia nzima kutazamwa mara moja. Kurasa mbili zatosha. Chukua mwanzo wa Kigogo ya Pauline Kea, ambapo Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago katika soko la Chapakazi. Wape wanafunzi watatu vipande vya mbao na uwaulize wenzao: nani aache kuchonga, na kwa neno gani? Anayeendelea kuchonga anasema nini kwa mikono yake? Darasa litabishana, na kila atakayebisha atalazimika kurudi kwenye kitabu kutafuta ushahidi. Huko ndiko kuchambua wahusika.

Pili, hadhira ipewe haki ya kusimamisha. Mwanafunzi akiona kwamba mwenzake amekitamka kisemi kwa hasira ilhali muktadha unaonyesha kejeli, ainue mkono na aeleze. Swali la dondoo humtaka mtahiniwa aeleze nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini. Aliyewahi kuzozana darasani juu ya toni ya kauli moja hawezi kusahau muktadha wake.

Tatu, shule ikialika kikundi, kila mwanafunzi aje na kitabu chake, na baada ya onyesho waorodheshe mambo matatu: kilichoongezwa, kilichopunguzwa na kilichobadilishwa. Kisha wajadili kila badiliko: limeisaidia dhamira ya mwandishi au limeipotosha? Kwa njia hiyo kichekesho kilichobuniwa na mwigizaji, ambacho jana kilimpotezea mtahiniwa alama, leo kinakuwa chombo cha kumfundisha kutofautisha matini na utendaji.

Hitimisho

Tumeona kwamba nguvu ya Kamirithu ilitokana na hadhira iliyoruhusiwa kusema kabla mchezo haujaiva. Maonyesho ya 2022 yaliurudisha mchezo kwa heshima, lakini kwa hadhira iliyoketi kimya gizani. Kumbi za shule zetu ziko karibu zaidi na hali hii ya pili, na hatuna haja ya kuona aibu kulikiri hilo.

Darasa, hata hivyo, lina kitu ambacho ukumbi wa kukodi hauna: watazamaji wale wale hurudi kesho, na keshokutwa, muhula mzima. Linaweza kuwa mahali pa mazoezi ya hadharani bila kuomba kibali kwa mtu. Mwaka wa 1982 iliwalazimu wakuu kutuma polisi ili kuwazuia wanakijiji wasikosoe mchezo wao wenyewe. Wanafunzi wetu hawajazuiwa na yeyote. Wanangoja tu mwalimu awaambie kwamba wanaruhusiwa.