Jeraha na Utungo: Dhana ya Kupona katika Ushairi wa Joë Bousquet

Ni mazoea ya wahakiki wengi kumsoma mshairi aliyepatwa na msiba wa mwili kana kwamba utungo wake ni cheti cha kupata afueni. Mshairi aliumia, akatunga, akapona. Basi kazi ya mhakiki imekwisha. Mkabala huu una mizizi mirefu. Katika Utenzi wa Ayubu, mmojawapo wa tendi zilizohaririwa na J.W.T. Allen mwaka 1971, maradhi ya mja huyo hatimaye yanaondoka na subira yake inalipwa. Mwana Kupona binti Msham naye alitunga utenzi wake maarufu mnamo 1858 akiwa mgonjwa, na miaka miwili hivi baadaye akafariki dunia. Jina lake lenyewe ni kitenzi cha kupata nafuu. Mwili wake haukulitii jina hilo, lakini utenzi ulibaki. Mifano hii miwili haisemi jambo moja. Tofauti iliyopo baina yake ndiyo inayostahili kuchunguzwa, na hapana mshairi anayeidhihirisha waziwazi zaidi kuliko Mfaransa Joë Bousquet.

Bousquet alizaliwa Narbonne mwaka 1897. Tarehe 27 Mei 1918, akiwa afisa kijana wa jeshi la Ufaransa katika medani ya Vailly, alipigwa risasi iliyomjeruhi uti wa mgongo. Alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwezi Septemba 1950, yaani kwa muda wa miaka 32, aliishi kitandani akiwa amepooza sehemu ya chini ya mwili. Sehemu kubwa ya maisha hayo ilipita katika chumba kimoja mjini Carcassonne, madirisha yamefungwa, taa ikiwaka mchana kama usiku. Humo alisoma, akaandika, akawapokea wageni. Humo pia alitumia afyuni ili kuyastahimili maumivu. Jambo hili la mwisho halipaswi kufichwa kwa kumstahi marehemu, kwa sababu ndilo linalovunja hoja kwamba ushairi ulimponya. Lau utungo ungalikuwa dawa ya kutosha, afyuni ingalikuwa ya nini?

Hapa Kiswahili kinampa mhakiki msamiati wenye manufaa makubwa. Kupona ni kurudi katika afya. Kupoza ni kutuliza makali. Kuganga ni kushughulikia maradhi au kuufunga mfupa uliovunjika, pasipo ahadi kwamba utaunga. Kisha kuna kupooza, kitenzi kinachokaribiana kwa sauti na kupoza hata mwanafunzi asiye makini huweza kuvichanganya katika imla. Mkanganyiko huo wa masikio una maana yake. Bousquet hakupona. Kilichotokea katika vitabu vyake, hususan Traduit du silence (1941) na Le Meneur de lune (1946), kinakaribia zaidi kuganga. Methali hutuambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Bousquet alikwenda kinyume kabisa cha methali hiyo. Kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na kila ukurasa ni juhudi ya kuyaganga hayo, si yajayo.

Wazo kuu analolirejelea ni kwamba jeraha halikuwa ajali iliyomkuta njiani, bali lilikuwapo kabla yake, naye akazaliwa ili alipe mwili. Mwanafalsafa Gilles Deleuze aliichukua fikra hii katika kitabu chake Logique du sens (1969) na kuifanya msingi wa maadili: binadamu astahiki lile linalomfika. Tangu hapo Bousquet amesomwa zaidi kama mfano wa kifalsafa kuliko kama mshairi, na hiyo ni hasara. Aidha, fikra yenyewe ina hatari isiyopaswa kupitwa kimyakimya. Jeraha likiwa ni majaaliwa, basi aliyefyatua risasi anasahaulika, na waliowapeleka vijana wa miaka 21 kwenye mahandaki hawaulizwi lolote. Vita vinageuka kuwa hali ya hewa. Mlinganisho na Abdilatif Abdalla unafaa hapa, ijapokuwa gereza si kitanda cha mlemavu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973), aliyoyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, yanatuliza nafsi ya mfungwa pasipo kumsamehe mfunga. Dhiki inayozungumza humo ina chanzo kinachojulikana. Kwa kigezo hicho, Bousquet amepungukiwa, na heshima anayostahili mtu aliyeteseka haitoshi kuuziba upungufu huo.

Hata hivyo, hoja ya majaaliwa ina nguvu zaidi katika nathari yake kuliko katika ushairi. Diwani yake La Connaissance du soir (1945) inaelekea kwingine. Marafiki zake wengi, akiwamo Paul Éluard na mchoraji Max Ernst, ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa askari wa Ujerumani upande wa pili wa medani ileile, walikuwa watu wa mkondo wa Usurealisti uliojitenga na kanuni. Ungetarajia Bousquet atunge kama wao. Badala yake, mashairi mengi ya diwani hii yanafuata vina na mizani, tena kwa wepesi wa wimbo. Wasomaji waliopitia mabishano yetu wenyewe kuhusu vina na mizani, yaliyopamba moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974), watakuwa na sababu ya kutua hapa. Kwa kawaida mabishano hayo yaliichukulia kanuni ama kuwa urithi wa kulindwa ama pingu ya kukatwa. Kwa Bousquet kanuni si mojawapo ya hayo. Mtu asiyeweza kuinua mguu anatunga katika umbo ambalo lazima lipige hatua, lihesabu hatua hizo, lifike kwenye kina na kuanza tena. Mizani ndiyo mwendo pekee uliobaki chini ya mamlaka yake. Mashairi hayo hayalitaji jeraha mara nyingi. Usiku, kivuli na mwanamke anayeondoka ndivyo vinavyoyajaza. Pengine ni kwa sababu hiyo yanapoza zaidi kuliko kurasa zinazolieleza jeraha moja kwa moja.

Yupo msomaji mmoja aliyelielewa hili mapema. Mwaka 1942 Simone Weil, ambaye yeye mwenyewe aliteswa kwa miaka mingi na maumivu makali ya kichwa, alimtembelea Bousquet mjini Carcassonne, na baada ya hapo wakaandikiana barua. Weil alieleza, katika barua kwa mtu mwingine, jinsi alivyokuwa akilikariri shairi la Mwingereza George Herbert maumivu yalipofikia kilele, hadi kukariri huko kukawa sala. Kwa maneno mengine, alijua kwamba shairi linaweza kumshika mgonjwa pasipo kuuondoa ugonjwa. Lakini hakumwendea Bousquet kwa mazungumzo ya ushairi tu. Alimpelekea mpango wake wa kuunda kikosi kidogo cha wauguzi wanawake ambao wangekwenda mstari wa mbele, mahali penye hatari kuu, kuwahudumia majeruhi papo hapo. Katika falsafa ya majaaliwa wauguzi hawana nafasi, kama vile ambavyo wasomaji wa Utenzi wa Ayubu huisifu subira ya mume na kumpita haraka mke aliyemhudumia. Bousquet aliusoma mpango huo akiwa kitandani na akauunga mkono.