Uhuru wa Mjumbe Asiye na Chama

Ukivuka kwa feri ya Likoni na kushika njia iendayo Lunga Lunga, hukawii kuingia katika jimbo la Msambweni, lenye miji ya Ukunda na Diani. Huko, tarehe 15 Desemba 2020, lilitokea jambo linalostahili kupimwa na kila kijana atakayepiga kura kesho. Feisal Bader, mtu asiyesimamishwa na chama chochote, alikishinda chama kilichokuwa na nguvu kuliko vyote pwani wakati ule. Watu walimwita mgombea huru. Nataka tulishike neno hilo "huru", tulipime kama sonara apimavyo dhahabu, tuone lina uzito gani.

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Kiti kilikuwa wazi tangu Machi 2020, alipofariki Suleiman Dori, mbunge wa ODM. Na uchaguzi wa kumpata mrithi wake ulichelewa kwa sababu ya maradhi ya korona. Bader alikuwa msaidizi wa marehemu. ODM ilimsimamisha Omar Boga, akapata msaada wa wakubwa wa chama, pamoja na Hassan Joho, Gavana wa Mombasa wa siku zile. Kura zilipohesabiwa, Bader alikuwa na 15,251, na Boga 10,444.

Jambo hili lisingewezekana miaka ya nyuma. Tangu 1968 sheria ya Kenya ilimtaka kila mgombea wa Bunge asimamishwe na chama, na mlango ule ulifunguliwa tena na Katiba ya 2010. Kwa Katiba hiyo, mtu aweza kugombea ubunge peke yake ikiwa hakuwa mwanachama wa chama katika miezi mitatu iliyotangulia uchaguzi, na ikiwa wapiga kura wa jimbo lake wasiopungua 1,000 wamemwunga mkono. Lakini akishinda kwa njia hiyo kisha akajiunga na chama kabla ya muda wake kwisha, hupoteza kiti.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, alikuwa huru na nani?" Swali hili ni bora kuliko majibu mengi niliyoyasikia. Maana William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais, alimwunga mkono Bader waziwazi, na Jubilee haikusimamisha mtu. Basi aliyekosa chama hakukosa mlezi. Na ulipofika uchaguzi wa Agosti 2022, Bader aligombea kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto, akakipata kiti kwa mara ya pili.

Je, tuseme uhuru ule ulikuwa kinyago? La, hukumu ya haraka haina haki. Yako mawili ya kusemwa kwa upande wake. La kwanza, kura zilikuwa za watu wa Msambweni, nao walionyesha kwamba uteuzi wa chama si mwisho wa maneno. La pili, Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, na kidole kimoja hakivunji chawa. Mjumbe asiye na rafiki Bungeni huenda akarudi kwa watu wake mikono mitupu.

Wala si jambo geni. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilitwaliwa na Herman Sarwatt, naye alikuwa mtu wa TANU vilevile! Ugomvi wake ulikuwa juu ya nani achaguliwe, haukuwa juu ya safari ya nchi.

Kwa hiyo lawama yangu hasa ni juu ya neno. Ndugu zetu wa Tanzania husema "mgombea binafsi", na neno hilo halidai zaidi ya lililopo: mtu amekuja mwenyewe. "Huru" huahidi zaidi. Humfanya msikilizaji adhani kwamba mjumbe hana wa kumtii ila dhamiri yake na watu wake. Sheria yaweza kumtoa mtu chini ya mkono wa chama, lakini haiwezi kumpa moyo wa kujitegemea.

Nawe, kijana, atakapokujia mtu akijiita huru, muulize mambo matatu. Ni nani aliyegharimia safari zake? Ni nani aliyesimama naye jukwaani? Na akiisha kuingia Bungeni, je, aliwahi kumpinga mlezi wake pale maslahi ya jimbo lake yalipotaka hivyo? La mwisho ndilo mizani. Kumbukumbu za Bunge huchapishwa, na ajuaye kusoma hana udhuru wa kutozisoma. Ada ya mja hunena. Muungwana ni kitendo.