Majina Tunayo, Vitenzi Havijatosha: Istilahi za Kuondoa Programu Hasidi katika Kompyuta ya Nyumbani

Kazi ya kuipatia kompyuta istilahi za Kiswahili imekwenda mbele zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kipanya, kiwambo, faili, tovuti, barua pepe na nywila ni maneno ambayo mwalimu anaweza kuyatamka darasani bila kuomba radhi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili, na tangu hapo simu na kompyuta nyingi zimekuja na Kiswahili ndani yake. Hata hivyo, mwenye kuzipitia istilahi hizi kwa makini ataona kwamba jitihada yetu imeelemea upande mmoja. Vitu tumevipa majina. Matendo tumeyaachia mafundi wa mitaani na wafasiri wa makampuni, kila mmoja akaokota kitenzi kilichokuwa karibu na mkono wake.

Makala haya yanahakiki istilahi za kazi moja tu, nayo ni kuiondoa programu hasidi katika kompyuta ya nyumbani. Kazi hii imechaguliwa kwa sababu hapa mtumiaji huamua kwa neno. Huonyeshwa maneno mawili matatu kwenye kiwambo naye akabofya mojawapo, au fundi humtajia neno moja naye akakubali. Neno hilo likiwa limefunika matendo mawili yasiyofanana, atakayepata hasara si mfasiri.

Tuchukue kitenzi "kusafisha". Mtu hupeleka kompyuta yake kwa fundi, akaambiwa kuwa ina virusi na kwamba itasafishwa. Kwa mwenye kompyuta, kusafisha ni kama kusafisha nyumba: uchafu hutoka, vyombo hubaki. Kwa fundi, neno hilo hilo laweza kumaanisha kuyapitia mafaili na kuyatoa yaliyoambukizwa. Na laweza pia kumaanisha kuifomati diski yote na "kupiga windo", kama wasemavyo mafundi, yaani kuweka mfumo mpya juu ya diski iliyo tupu. Picha za harusi, vyeti, hesabu za duka na tasnifu iliyobakiza sura moja vikatoweka, na hakuna aliyesema uongo.

Kabla ya kuendelea na vitenzi, yafaa tuyaguse majina kwa ufupi. Neno "virusi" lilitufikia kwa njia ya tiba, likazoeleka zaidi kutokana na UKIMWI na, miaka ya karibuni, UVIKO-19. Kwa bahati lilianza na silabi inayofanana na kiambishi cha wingi, basi wasemaji wakalichongea umoja wake, "kirusi", kama walivyopata "vipilefti" kutoka kipilefti. Utaratibu huu ni wa Kiswahili kabisa na hatuna sababu ya kuupinga, ijapokuwa anayesema kwamba kompyuta yake ina Kirusi huenda akaulizwa kama anajifunza lugha hiyo.

Tatizo la "virusi" ni kwamba neno hili limebebeshwa kila kitu. Kwa wataalamu, kirusi ni programu inayojipachika ndani ya programu nyingine na kuenea pindi ile inapotumiwa. Fred Cohen alionyesha jambo hili hadharani huko Marekani mwaka 1983, na katika maandishi yake ya mwaka 1984 mlinganisho na ugonjwa ukapata nguvu. Mnyoo haumhitaji mwenyeji wa namna hiyo; husafiri wenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, kama ule ulioachiwa na Robert Morris tarehe 2 Novemba 1988. Ipo pia ile inayojifanya programu ya manufaa ili mwenye nyumba aifungulie mlango mwenyewe. Baadhi ya wafasiri huiita "farasi wa Troy", jina linalomdai msomaji awe amepata habari za Wayunani wa kale. Sisi tungeridhika na "programu danganyifu". Tofauti hizi zina kazi nyumbani. Programu danganyifu ikifutwa, aghalabu mambo yameisha; mnyoo ukifutwa bila kuziba tundu ulilopitia, utarudi jioni ile ile. Kwa bahati njema neno la kuziba tundu hilo tunalo, tena zuri: kiraka.

Jina la jumla, "programu hasidi", limekosolewa na baadhi ya walimu kwa hoja kwamba hasidi ni mtu, mwenye kijicho, na programu haina moyo wa kuona kijicho. Wao hupenda "programu haribifu". Hoja yao si dhaifu, lakini haitoshi. Programu iliyoandikwa ovyo yaweza kuharibu kazi ya mtu bila ya mtungaji wake kukusudia, na nyingine yaweza kukaa kimya mwaka mzima ikisoma nywila bila kuharibu faili hata moja. Kinachoziunganisha programu tunazozisema ni nia mbaya ya aliyezitunga, na "hasidi" ndilo neno linalotaja nia. Libaki.

Sasa turudi kwenye vitenzi, na kwanza vile vinavyotaja madhara. Usemi uliozoeleka ni kwamba virusi "vimekula" mafaili. Usemi huu ni mtamu, nao una hatari, kwani kilicholiwa hakirudi. Tazama linalotokea mara nyingi katika flashi zinazozungushwa baina ya ofisi, shule na maduka ya kuchapa. Mtu huchomeka flashi yake akakuta mahali pa mafaili pamejaa vialama vya njia za mkato, na kila akibofya, maambukizi yanaingia katika kompyuta aliyoketi mbele yake. Husema vimeliwa, fundi hukubaliana naye, flashi hufomatiwa. Kumbe mara nyingi mafaili yalikuwamo humo humo, yamefichwa tu. Lau pale mwanzo lingetumika neno "kuficha", hatua iliyofuata ingejitaja yenyewe: "kufichua". Kiswahili kimetupa kinyume cha tendo ndani ya kitenzi chenyewe, kama ilivyo katika kufunga na kufungua au kuziba na kuzibua, nasi tukaiacha hazina hiyo tukachukua tamathali.

Dhara la pili ni lile la programu zinazodai fidia. Programu ya namna hii hulibadili faili kuwa msimbo usiosomeka, kisha hudai fedha. Jambo hili si geni kama watu wanavyodhani. Mwaka 1989 zilitumwa kwa posta disketi zilizodaiwa kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Zilipokwisha kukaa ndani ya kompyuta kwa muda, zilificha mafaili na kuvuruga majina yake, kisha zikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa saa chache, ikazikumba hata hospitali za umma za Uingereza, ikidai dola 300 kwa kila kompyuta. Nacho kiraka cha kuuziba mlango ilioutumia kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Hapa kitenzi kinachofaa ni "kusimba", na kinyume chake "kusimbua". Kosa la wafasiri wengi ni kuandika kwamba faili "limefungwa". Lililofungwa hufunguliwa kwa kumwondoa aliyesimama mlangoni, na ndivyo wasomaji wanavyoelewa: wakiifuta programu hasidi, hungoja mafaili yarejee. Hayarejei. Kuondoa programu na kusimbua mafaili ni kazi mbili, na ya pili mara nyingi haiwezekani bila ufunguo au nakala rudufu. Hapana budi maelekezo yaseme hivyo kwa vitenzi viwili.

Tukija kwenye vitenzi vya tiba, cha kwanza ni kile cha kuzipitia sehemu zote za kompyuta kutafuta kilichojificha. Watu husema "kuskani". Katika matini zilizofasiriwa limeingia neno "kuchanganua", nalo halifai. Mwalimu yeyote wa sarufi anajua uchanganuzi ni nini: ni kuigawa sentensi katika vipashio vyake na kueleza uhusiano wao. Programu ya kinga haifanyi hivyo hasa. Hupita faili moja baada ya jingine ikitafuta alama za mhalifu anayejulikana au mwenendo wa kutilia shaka. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hilo hilo, "kupekua". Askari hupekua nyumba, afisa wa forodha hupekua mizigo. Kinaeleweka bila maelezo, na kina faida ya kuonyesha kwamba kupekua si kuondoa. Wapo watu wengi ambao, wakiona kazi ya kupekua imefika asilimia mia, huizima kompyuta wakidhani wamepona. Tahadhari moja kwa wafasiri: msiandike "pekua kompyuta nzima", maana msomaji ana haki ya kujibu kwamba nzima haina haja ya kupekuliwa. Andikeni "kompyuta yote".

Kinapopatikana kitu, programu ya kinga huweka mbele ya mtumiaji hatua tatu: kuondoa, kutia karantini, au kuruhusu. Hapa ndipo pana uzito.

"Karantini" si neno geni kwetu. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, kilitumika enzi za ukoloni kuwaweka abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi, mpaka ijulikane kama ni wazima. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka: faili halijauawa, halijaachiliwa, limewekwa mahali lisipoweza kumdhuru mtu, na likithibitika kuwa salama hurudishwa. Wengine hupendelea "kutenga", na sisi hatulikatai kama kitenzi, ila mtumishi wa serikali akisoma "fedha zimetengwa" hufurahi, na akisoma "faili limetengwa" huenda akafurahi vile vile. Kwa hiyo tungependekeza "kutia karantini" kwenye vitufe, na "kutenga" katika maelezo marefu ambamo muktadha unalinda maana.

Kwa upande wake, "kuondoa" hakuna mpaka. Ukiondoa kikombe mezani umekiweka jikoni. Ukiondoa doa, limetoweka. Kwa faili, kitumike "kufuta", kitenzi cha ubaoni ambacho kila mtoto wa shule anakijua. Kwa programu iliyokuwa imewekwa kwa utaratibu wake, kitumike "kusanidua", kinyume cha kusanidi. Kimeshaanza kuonekana katika simu zetu na kimeundwa kwa mkondo ule ule wa kufichua. "Kuondoa" kibaki jina la kazi yote kwa jumla, kama tulivyokitumia katika kichwa cha makala haya, kisiwe amri kwenye kitufe.

"Kinga-virusi" si jina baya, lakini tukumbuke kwamba kwa wengi wetu kinga ni chanjo, na chanjo nyingi huchanjwa mara chache maishani. Programu ya kinga isipopata habari za maadui wapya huzeeka upesi. Kitendo cha kuipa habari hizo huitwa na wengine "kuhuisha" na wengine "kusasisha". La kwanza ni la heshima zaidi, ila lina harufu ya kufufua wafu. La pili limechongwa kutoka "sasa", jambo ambalo baadhi ya wakongwe wa lugha wanalilalamikia. Nasi twalikubali kwa kuwa mtoto wa darasa la nne hulielewa mara ya kwanza alisikiapo.

Kuhusu hatua ya mwisho, ile ya "kupiga windo", istilahi "kusakinisha mfumo upya" inatosha kwa sharti moja: isitajwe peke yake. Mifumo ya leo humpa mtumiaji njia mbili, ya kuyaacha mafaili yake na ya kufuta kila kitu. Maelekezo yoyote ya Kiswahili yanayosema "sakinisha upya" bila kuongeza mojawapo ya maneno hayo ni maelekezo pungufu.

Kipimo cha istilahi si orodha bali ni sentensi. Basi na tuzijaribu: "Itoe kompyuta kwenye intaneti, uchomoe na flashi zote. Pekua kompyuta yote kwa programu ya kinga iliyosasishwa. Ikiwezekana, ipekue kabla mfumo haujaanza kazi. Faili la kutiliwa shaka litie karantini, usilifute mpaka uhakikishe kwamba mfumo haulihitaji. Sanidua programu usizozijua asili yake, kisha pekua tena. Fichua mafaili yaliyofichwa. Weka viraka vyote vilivyotolewa. Badili nywila zako kwa kutumia kifaa kingine kisichoambukizwa. Ikishindikana, weka nakala rudufu ya mafaili yako, ndipo usakinishe mfumo upya kwa kufuta kila kitu." Hakuna kitenzi hapo kinachofanya kazi ya mwenzake, na mtu wa kawaida anajua wakati gani anagusa programu na wakati gani anagusa mali yake.

Limebaki neno la kitufe cha tatu, "ruhusu". Mwanafunzi aombaye ruhusa ya kutoka darasani hutarajiwa kurudi baada ya dakika tano, na ndivyo watumiaji wengi wanavyokielewa kitufe hicho: programu ipite mara hii, kesho tutaona. Kumbe wakishakibofya, mlinzi hatalizuia tena faili hilo mpaka wao wenyewe waifute ruhusa waliyoitoa. Tunapendekeza "ruhusu daima", na tunawaomba walimu wanaofundisha kompyuta waupime usemi huu mbele ya wanafunzi wao na kutuletea majibu kabla haujafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji.