Ngome ya Yesu ya Mombasa: Vitu Vingi, Maneno Machache

Neno makumbusho linatokana na kitenzi kumbusha, na kumbusha ni kumfanya mtu mwingine akumbuke. Kwa hiyo jengo lolote linaloitwa makumbusho lastahili kuulizwa maswali mawili: linamkumbusha nani, na linamkumbusha nini? Wasomaji wa Kongo wanayafahamu maswali hayo kwa njia yao. Katika miji ya Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba katika miaka ya 1970, picha za historia zilizochorwa na wachoraji wa mitaani ziliitwa ukumbusho. Picha ilitundikwa sebuleni ili wageni wakiitazama waanze kusimulia. Thamani yake haikuwa katika rangi peke yake, bali pia katika maneno iliyoyaamsha. Makala haya yanakusudia kuipima kwa kipimo hicho Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo ni miongoni mwa makumbusho mashuhuri kabisa ya historia na utamaduni wa Waswahili.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale, kwa kufuata ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ilipita mikononi mwa Wareno, Waomani, Wamazrui na masultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza kuwa jela, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Baada ya hapo ilichimbwa na kutengenezwa chini ya uongozi wa mwanaakiolojia James Kirkman, kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa upande wa vitu, makumbusho haya ni tajiri. Mna vyombo vya udongo na kauri za China zilizofukuliwa katika miji ya kale kama Gedi, Manda na Ungwana. Mna vitu vilivyotolewa baharini kutoka Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mna pia michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno wa karne ya 17, yenye meli, samaki na sura za watu. Michoro hiyo ina thamani ya pekee. Haikuagizwa na mfalme wala kapteni; ilichorwa na watu wa kawaida waliokuwa mbali na kwao, na kwa sababu hiyo inasema jambo ambalo mizinga haisemi. Kuihifadhi kulikuwa uamuzi wa busara.

Hata hivyo, anayeingia ngomeni hulakiwa kwanza na maandishi ya namna nyingine. Kwenye lango kuu kuna jiwe lililochongwa katika miaka ya 1630 kwa sifa ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Jiwe hilo linasimulia jinsi alivyowatiisha watu wa pwani walioasi, alivyowatoza wafalme kodi, alivyoziadhibu Pate na Siyu hata kuta zao zikabomolewa, na alivyowaua wakubwa wa Pemba. Uasi unaotajwa ni ule wa Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, ambaye mwaka 1631 aliiteka ngome na kumwua kapteni wake. Katika jiwe yeye ni mfalme dhalimu tu. Mshindi ameandikiwa jina, mwaka na hata umri wake. Mshindwa hakupewa hata jina.

Si kosa kuliacha jiwe hilo mahali pake. Ni hati ya kweli ya zama zake, na kuliondoa kungekuwa kuficha ushahidi. Kasoro ni kuliacha liseme peke yake, bila kulipatia wa kulijibu. Jambo hili lina uzito kwa sababu historia ya ngome, kama inavyozoeleka kusimuliwa, hufuata mfululizo wa watekaji: Mreno, Mwomani, Mwingereza. Mwenyeji huonekana kando, kama mtu anayetazama ugomvi wa wageni uani kwake. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Katika mzingiro mkubwa wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, Waswahili walikuwamo nje ya kuta na ndani yake pia. Mwaka 1697, Wareno walipokuwa wamekwisha kwa maradhi, aliyeshika uongozi wa ngome kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na watu wake wachache na wanawake wa Kiafrika walioshika zamu ya ulinzi. Kuna swali gumu hapa, la nani alimpigania nani na kwa sababu gani. Mzinga uliowekwa juani hauwezi kulijibu.

Wa kulijibu jiwe si lazima watafutwe mbali. Zama za Wamazrui, waliotawala kutoka ngome hii hadi mwaka 1837, zina shahidi wake katika mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa na kutunga juu ya vita na siasa za mji huo. Mashairi yake yangepotea kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingeyakusanya na W. E. Taylor asingeyaandika. Vivyo hivyo, uasi wa Al-Akida Muhammad bin Abdallah dhidi ya Sultani Barghash, uliokomeshwa Januari 1875 manowari za Kiingereza zilipoipiga ngome kwa mizinga, una utenzi wake uliotungwa na Abdallah bin Masud al-Mazrui na kutolewa na Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950. Hizi ni hati za ngome sawasawa na jiwe la lango. Tofauti ni kwamba zimeandikwa kwa lugha ya mji. Utenzi huo ukisomwa chini ya kuta zilezile zilizopigwa, ngome haitakuwa tena mali ya waliyoiteka tu.

Lugha yenyewe imehifadhi historia hii kwa ufupi wa ajabu. Neno gereza, kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi, limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Katika Kiswahili likaja kuwa na maana ya ngome, na hatimaye ya jela. Kanisa, ngome, jela: ndiyo mambo ambayo Ngome ya Yesu imewahi kuwa au kubeba ndani yake. Yanayosimuliwa na vyumba kadhaa vya maonyesho yamekusanywa katika silabi tatu.

Maana ya mwisho ya neno hilo ndiyo inayodai haraka. Kwa miaka 63 kuta hizi ziliwafunga watu. Aliyefungwa humo akiwa na miaka 20 mwaka 1958 amekwisha kupita miaka 80, kama yu hai. Kauri ya China itangoja; mtu huyo hatangoja.

Huenda ikasemwa kwamba makumbusho ni nyumba ya vitu, na masimulizi hayawekwi kabatini. Kongo imekwisha kutoa jibu. Mwaka 1965 historia ya Elisabethville iliandikwa kwa Kiswahili na André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, yaani watu ambao hakuna jiwe lililowataja. Tangu mwaka 2000, mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi umekusanya masimulizi ya wakazi na kuyatumia katika maonyesho kwenye makumbusho ya mji huo. Katika kazi zote mbili neno lilitangulia, na kitu kikapata maana kutokana nalo.

Ngome ya Yesu inayo majiwe ya kutosha kudumu karne nyingine nne. Inachopungukiwa ni sauti ya Mombasa, nayo ipo: katika diwani, katika utenzi, katika neno moja kama gereza, na katika vifua vya wazee wachache. Siku jiwe la lango litakapowekewa jibu lake kwa Kiswahili, mahali hapo patastahili kikamilifu jina la makumbusho.