Sifa za Mtunza Hodhi

Kusini kidogo ya mji wa Meru, barabara iteremkayo kwenda Nkubu, Chuka na hatimaye Embu huuvuka mstari wa Ikweta, na wasafiri wengi husimama pale wakapigwa picha, kisha wakaendelea na safari yao wasiufikirie tena. Lakini mtu aliyeweka hodhi la kioo sebuleni mwake, akapanda ndani yake mimea ya majini na kutia samaki wadogo wa kupendeza macho, hana budi kuukumbuka mstari ule kila siku ya Mungu, kwa kuwa ndio unaompa takriban saa 12 za mchana mwezi wa Januari na saa 12 zile zile mwezi wa Julai. Vitabu vya fani hii, karibu vyote, vimeandikwa na watu wa nchi ambazo mchana wa majira ya baridi hupungua hata ukafika saa 8, nao kwa sababu hiyo huuhesabu mwanga kuwa ni kitu cha kutafutwa na kununuliwa. Sisi twapewa bure, tena kwa wingi, na katika wingi huo ndimo unamozaliwa ule utando wa kijani uwavunjao moyo wengi, hata wakayamwaga maji, wakawagawia jirani samaki wao, na hodhi likaishia ghalani. Nia yangu ni kumsifu yule asiyevunjika moyo.

Kiumbe tunachokizungumza huitwa mwani, na jina hilo lilitupandia kutoka pwani, ambako lina heshima yake. Kwani huko Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake huufunga mwani kwenye kamba maji yakiwa yametoka, wakaulea, wakauvuna, wakauanika na kuuza. Huku bara nako wapo wauombao. Serikali ilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, wakulima wengi wa Meru na Embu walifundishwa kutia samadi majini makusudi, ili maji yageuke kijani na tilapia wapate malisho. Na mkulima hodari huutumbukiza mkono wake hata kwenye kiwiko, naye akiona kiganja kimepotea machoni kabla kiwiko hakijalowa, hujua ya kwamba ukijani umepita kiasi, akaiacha samadi kwa siku kadhaa. Basi mwani haukuumbwa uwe adui wa mtu. Ni jamii moja, inayotakiwa bwawani na isiyotakiwa sebuleni. Na mimi nasadiki kwamba ufundi wa mtunza hodhi, ukiuvua mapambo yake yote, ni ufundi wa kunyima: kuyanyima maji mwanga uliozidi, kuyanyima chakula kilichozidi, na zaidi ya hayo kuunyima mkono wake mwenyewe ruhusa ya kutenda kabla ya wakati.

Niliyejifunza kwake alikuwa mzee mmoja wa Embu, aliyestaafu ukarani katika kiwanda cha kahawa, ambaye hodhi lake la lita 200 lilikaa kwenye ukuta usiotazamana na dirisha lolote. Siku ya kwanza nilipomzuru, nikiwa nimechoka na hodhi langu lililokuwa kama supu ya mchicha, nilistaajabu kuona vioo vitatu vya lake vikiwa safi hata usingedhani vipo, ilhali kioo cha nyuma, chote, kimevaa kijani kizito kama zulia. Kwa adabu sikusema neno, ila moyoni nilidhani kwamba uzee umemzuia kufika huko. Nilimwomba dawa. Yeye hakunijibu habari ya dawa, bali aliniuliza taa yangu naiwasha saa ngapi na kuizima saa ngapi, nami nilipomwambia kwamba naiwasha niamkapo na kuizima nilalapo, na kwamba hodhi lipo karibu na dirisha la mashariki lipate jua la asubuhi, alinitazama kwa huruma, akasema, “Mwanangu, hata ng'ombe hupewa usiku wa kucheua.”

Maana ya neno lake niliifahamu baadaye. Mmea wa majini ukipewa mwanga hutaka kaboni dayoksaidi na chakula kwa kadiri ya mwanga ule ule, na kimojawapo kikipunguka, mmea husimama. Hapo mwanga uliosalia hukosa mwenyewe, na asiye na mahitaji mengi, yaani mwani, ndiye anayejitwalia. Kuongeza taa katika hodhi ambalo mimea yake imekwisha kusimama ni sawasawa na kumwandalia mgeni usiyemwalika. Kwa amri ya mzee nililihamisha hodhi, nikafunika dirisha kwa leso, nikaiwasha taa kuanzia saa nane mchana na kuizima saa tatu usiku, saa 7 tu. Kisha nikapanda mimea mingi kwa siku moja, imesongamana, badala ya kupanda shina moja hapa na jingine kule kama afanyavyo bahili. Kila aliyepata kulima viazi vitamu anaijua sababu: viazi vikishatanda, magugu hayana pa kuota. Mimea ikuayo upesi, kama ule wenye majani ya singa usio na mizizi, ambao wataalamu huuita Ceratophyllum, huinywa amonia ya samaki kabla mwani haujainusa, na mtunza hodhi huipunguza kwa mkasi kila juma, akawa ameutoa nje ya maji uchafu wote uliogeuka kuwa majani.

Aidha mzee alinifundisha kuusoma mwani kabla ya kuuondoa. Vumbi la kahawia lijalo katika hodhi jipya hufutika kwa kidole, na aghalabu huondoka lenyewe hodhi likikomaa. Mwenye subira hulifuta akanyamaza. Ndevu nyeusi, ambazo kwa nasaba ni za mwani mwekundu ingawa rangi yake yakanusha, hushika kingo za majani yasiyokua upesi, na kusugua hakufai kitu, sharti jani likatwe. Lakini ule utelezi wa kijani-samawati, utandao kama shuka juu ya changarawe na kutoa harufu ya tope, si mwani hata kidogo: ni bakteria wajilishao kwa mwanga, na anayewapiga vita kwa silaha za mwani hushindwa, kama nilivyoshindwa mimi.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, jina lake Robert Warington, alikipa Chama cha Wakemia habari za jaribio lake la kuweka samaki wawili wa dhahabu na mmea wa Vallisneria katika chombo kimoja, mmea ukiwapa samaki oksijeni na samaki wakiulisha mmea kwa pumzi yao. Na mambo yalikwenda vyema mpaka majani makuukuu yalipooza, maji yakachafuka na utelezi wa kijani ukapanda kioo. Warington hakumwaga maji. Aliwatia konokono wachache wa majini, wakala uozo na utelezi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki, mzunguko ukatimia. Kila nikilifikiria jambo hilo namwona kuwa ndiye baba wa fani yetu, si kwa sababu ya samaki wake, bali kwa kuwa alipouona uchafu aliuliza ni nani aliyekosekana katika jamaa ile, asiulize ni sumu gani ya kumimina.

Hata hivyo nasaha ya Warington ikifika kwetu haina budi kutiwa hadhari ambayo London haikuihitaji. Konokono wa mifereji yetu, na hasa wa mashamba ya mpunga ya Mwea, hubeba vijidudu vya kichocho, navyo humtoka konokono vikaogelea majini na kupenya ngozi ya mtu. Hivyo kijana ashukaye mferejini na ndoo ili ajipatie konokono na mimea ya bure anaweza kurudi na maradhi miguuni mwake na mengine ndani ya ndoo. Mzee alinikataza kabisa. Konokono wake walikuwa wa ukoo uliozaliwa ndani ya kioo, kutoka mayai, kwa sababu konokono haanguliwi na kichocho, bali huambukizwa akiisha kuwa majini. Na watoto wa wale ndio alionigawia, 6, ndani ya chupa ya jemu.

Wako pia wanaowasifu uduvi, tangu Takashi Amano, yule mpiga picha wa Kijapani aliyefariki mwaka 2015, alipowaonyesha watu jinsi uduvi wadogo wa nchi yake wanavyochuna nyuzi za mwani moja moja. Sina ugomvi nao. Nachelea tu mtu kumwachia mnyama kazi iliyo yake; nasi Wakenya tunao mfano wetu Naivasha, ambako kamba wa maji baridi kutoka Marekani walitiwa ziwani mwaka 1970, na wataalamu huwahesabu miongoni mwa sababu za kutoweka kwa mayungiyungi yaliyokuwa fahari ya ziwa lile. Mla utelezi ni mla majani pia akiona njaa.

Sasa nifikie jambo nilipendalo kuliko yote, nalo ni udongo. Diana Walstad, mwanamke wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya ikolojia ya hodhi lenye mimea, alieleza jinsi udongo wa kawaida, tabaka la sentimita 2 au 3 lililofunikwa changarawe, unavyoweza kuilisha mimea bila mbolea za dukani. Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Kirimara, yaani Mlima Kenya, ule ule unaobeba chai na kahawa kutoka Embu hata Imenti, una tabia ambayo wakulima wameilalamikia siku nyingi: umejaa chuma, na chuma hicho huishika fosfeti isiachilike upesi, hata mkulima akatia mbolea na mahindi yasipate sehemu yake. Aibu hiyo ya shambani hugeuka kuwa sifa ndani ya hodhi, maana fosfeti iliyoshikwa chini haielei majini kuulisha mwani, ilhali mizizi ya mimea huifuata iliko na kuichukua kidogo kidogo. Lakini udongo huo una sharti lake. Ukifunikwa maji muda mrefu pasipo hewa, chuma hulegeza mshiko wake na fosfeti ikaanza kupanda. Basi lazima mizizi iwe mingi, nayo ndiyo iletayo oksijeni kule chini, na mkono wa mtu usiuchokore. Mimi niliuchokora. Mwaka wangu wa pili, nikitaka kuhamisha mmea mmoja upate kuonekana vyema, niling'oa mzizi wote na tope likapanda kama moshi wa kuni mbichi. Na baada ya siku 10 ule utelezi wa samawati ukatanda kila mahali.

Nilitenda kila kosa ambalo mwenye haraka hulitenda. Nilibadili maji, nikabadili taa, nikapunguza chakula, nikatia dawa yenye shaba iliyowaua konokono wote wa mzee, na hayo yote katika juma moja, hata isingewezekana kujua lipi lilifaa na lipi lilidhuru. Ikaja Julai na baridi yake, mawingu yamekaa juu ya paa na manyunyu hayakomi. Stima ikapotea siku 3 usiku na mchana, nami nilikuwa safarini, na sebule imefungwa mapazia. Niliporudi nilitaraji mauti. Nilikuta shuka ile ya samawati imevunjika vipande, imekuwa kijivu, na mimea imesimama imara, kwa kuwa mmea una akiba ya siku kadhaa na utelezi hauna. Giza lilikuwa limetenda katika siku 3 lile ambalo mikono yangu haikuliweza katika juma zima, nami nilikaa mbele ya kioo na tochi nikiona haya kwa ajili ya konokono.

Nilikwenda Embu kumweleza mzee na kuomba radhi. Hakunilaumu, alinipa konokono wengine, kisha akanionyesha kile kioo cha nyuma nilichokuwa nimekidharau kimyakimya miaka miwili. Hakuwa ameshindwa kukifikia. Alikuwa amekiacha, tangu siku ya kwanza, mwani wake uwe malisho ya konokono na usaidie kunywa kilichozidi majini, na rangi yake impe habari: ukikolea upesi kuliko kawaida, alijua amewalisha samaki kupita kiasi au taa imezidi, akapunguza kimoja tu, akangoja wiki 2 kabla ya kugusa cha pili.

Mzee amekwisha kutangulia, na hodhi lake sasa liko kwangu Meru. Kila Jumamosi natoa nusu ya maji kwa mpira, nayamwagia sukuma wiki nyuma ya nyumba, kamwe siyamwagi mtaroni wala situpi kipande cha mmea kando ya mto Kathita, kwani maji yake huishia Tana, na Ziwa Viktoria limetuonyesha gugumaji moja laweza kufanya nini. Kisha natwaa kadi yangu kuukuu na kukwangua vioo vitatu. Cha nyuma sikigusi.