BMW 320i mu Lubumbashi: turbo si mwenye kosa

Mudogo mumoja wa chama chetu, wa promosio iliyonifuata, amepata kontra yake ya kwanza Kolwezi. Kontra ya mwaka mumoja. Miezi nane amekuwa akiweka feza pembeni, na sasa macho yake yote iko kwa BMW 320i, ile ya kizazi cha F30. Juzi aliniita: «Yaya, kuya tuione. Lakini uniambie kweli, usinifurahishe tu.» Mwenye kuuza alituachia ufunguo siku mbili. Tuliiendesha katikati ya muji, tukapanda mupaka Kasapa, kisha tukashika barabara ya Likasi. Mujomba wake alikuja naye, na neno lake alilisema kabla hata ya kufungua mulango: «Turbo ni ugonjwa. Nunua motoka bila turbo, ulale usingizi.»

Ninaandika hii juu ya wote wawili, na juu ya kila mumoja wetu anayepokea mushahara wa kwanza na kuanza kutafuta motoka siku ile ile. Kwa maoni yangu, mujomba anaogopa kitu ambacho hakistahili woga. Mudogo naye haogopi kile anachopaswa kuogopa.

Tuanze na motoka yenyewe. F30 iliingia sokoni mwaka 2012. Ni sedani ya milango 4, urefu wake mita 4.62, na nyuma kuko nafasi ya mizigo ya lita 480: mifuko miwili ya unga inaingia bila shida, na valizi juu yake. Injini ya 320i za kwanza inaitwa N20: silinda 4, lita 2, turbo moja, nguvu za farasi 184. Ile tuliyoendesha ina bwati otomatike ya vitesi 8, na vitesi vinabadilika bila wewe kusikia kitu. Ndani, viti vinakushika vizuri na usukani unajibu mara moja. Hapo sina lawama. Mutu ambaye amezoea Corolla ya taxi ataelewa kwa nini watu wanalipa.

Sasa turbo. Watu husahau kwamba Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi. Huku hewa ni nyepesi, na musukumo wake ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa vile inaikuta, na kwa hiyo inapoteza zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake. Chukua mufano wa Toyota Mark X ya lita 2.5, ambayo wengi wetu tunailinganisha na BMW hii. Kwenye karatasi ina farasi 203. Inashuka melini Dar es Salaam nazo zote. Inapofika huku, zaidi ya ishirini zimebaki njiani, na hakuna duane aliyezichukua.

Turbo inafanya nini? Inachukua moshi unaotoka ndani ya injini, moshi ule unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu lile linasukuma hewa kuingia kwa nguvu. Hewa ikiwa nyepesi, ordinatere ya motoka inaiambia turbo isukume zaidi. Ndiyo maana 320i ikiwa Lubumbashi inabaki karibu na vile ilivyokuwa pwani. Tena nguvu yake ya kuvuta, nyutoni-mita 270, inapatikana tangu mizunguko 1,250 kwa dakika. Mark X inatoa 243, na lazima uilize mupaka 4,800 ili uzipate. Mu muji wetu, ambapo unasimama, unasonga, unasimama tena nyuma ya Hiace, ile tofauti unaisikia kila dakika. Kwa hiyo, mujomba atusamehe: ndani ya motoka hii, turbo njo kitu ambacho kinafaa Lubumbashi kuliko vingine vyote.

Lakini mujomba alipopewa usukani, aliendesha bila kusema, akasimamisha, akafungua kofia ya injini, akatafuta muda murefu. Kisha akauliza: «Kijiti cha kupima mafuta kiko wapi?»

Hakiko. Kwenye N20 unapima mafuta ya injini kwa kusoma kioo cha mbele. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko woga wake. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inalala juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta yakichafuka ao yakipunguka, turbo inakufa. Kule Ulaya motoka hii inamwambia mwenyewe abadilishe mafuta kisha kilomita 25,000 ao 30,000. Huku kwetu, na vumbi nyekundu la mwezi wa 7, joto la mwezi wa 10 na safari fupi fupi za muji, kungoja hesabu ile ni kuitafutia kifo. Vidanje kila kilomita 7,000 ao 8,000, mafuta ya sintetike yenye namba ambayo mutengenezaji ameandika, na filta ya hewa iangaliwe mara mingi wakati wa kiangazi. Baba zetu walivuta kijiti kila siku ya posho. Sisi tunangoja taa iwake, na mara ingine taa inawaka wakati umekwisha kuchelewa.

Kama kuko ugonjwa wa kweli ndani ya N20, jina lake ni cheni, si turbo. Vishikio vya cheni ile ni vya plastiki. Kwenye injini za miaka ya kwanza vilikuwa vinachoka, vinavunjika, na vipande vinaangukia ndani ya mafuta. Cheni ikiruka, injini nzima imekwenda. Huko Marekani wenye motoka walifika mupaka mahakamani juu ya jambo hili. Tangu 2015 BMW ilianza kuweka ndani ya 320i injini ingine, B48. Basi usiulize tu mwaka na rangi. Uliza ni injini gani, na uisikilize asubuhi ikiwa baridi. Ikilia kama filimbi nyembamba, rudisha ufunguo, sema asante.

Hayo ni ya ndani. Yanayobaki ni ya barabara, na hapo njo nilianza kuogopa juu ya mudogo.

Kwanza mipira ya magurudumu. F30 nyingi zinakuja na mipira migumu ambayo inaendelea kutembea hata hewa ikiisha, na kwa sababu hiyo hakuna gurudumu la akiba. Mutengenezaji anaahidi kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiopita 80 kwa saa. Sasa tufanye hesabu ya mutu wa Kolwezi. Lubumbashi–Likasi ni kilomita 120 hivi: ukitoboka katikati, utafika upande mumoja. Likasi–Kolwezi ni karibu 180. Ukitoboka katikati, mbele ni 90, nyuma ni 90, na ahadi ni 80. Utaomba Mungu kwado wa njiani, kule Fungurume ao kwingine, awe na mupira wa kipimo chako. Tena mupira wa aina hii ukiisha kutembea bila hewa, mara mingi haushonwi, unatupwa. Ile migumu pia inapiga mugongo: shimo ambalo Corolla inalimeza, BMW inakuletea mupaka menoni. Na motoka iko chini. Mwezi wa 1, maji yakifunika barabara, hujui unaingia wapi.

Pili, usukani. Sisi tunatembea kuume. Lakini nyingi ya F30 zinazofika huku zinatoka Japani ao Afrika ya Kusini, ambako BMW ilikuwa ikiunda Seri 3 pale Rosslyn, karibu na Pretoria, mupaka 2018. Kule watu wanatembea kushoto, na usukani uko kuume. Mu muji tumezoea. Kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya kamio ya maden, dereva wa usukani wa kuume haoni kitu. Anayeona ni mwenye kukaa kando. Mudogo alikuwa anaendesha, mimi njo nilikuwa macho yake: «Pita! Apana, ngoya, ngoya, kuko kamio!» Farasi 184 zote zilikuwa tayari, na hazikutusaidia kitu. Mutu mwenye kufanya njia ile kila wiki peke yake, ni nani atamwambia ngoya?

Jioni mudogo akaniuliza: «Sasa yaya, ninunue ao nisinunue?»

Nilimujibu hivi. Ni motoka nzuri, na kwa kuendesha inapita Mark X. Ikiwa na B48, karatasi za vidanje ziko, usukani uko kushoto, na kisha kulipa unabaki na feza za mipira 4 ya kawaida, gurudumu la akiba na vidanje vya mwaka, nunua, na usiogope turbo. Lakini hii tuliyoendesha ni N20 ya 2013, usukani kuume, hakuna hata karatasi moja, na bei yake inamaliza miezi nane yote. Kontra ni ya miezi kumi na miwili. Motoka hii inadai mushahara wa mwezi wa kumi na tatu, na ule hakuna aliyekuahidi.

Alinyamaza. Nilijua anafikiri nini, juu mimi pia nilipitia pale: siku ya kuingia kwa mama na motoka, majirani wanatoka, na diploma inaonekana kwa macho. Sitamucheka mutu juu ya hamu ile. Lakini mama yule yule njo atauliza kwa nini motoka iko chini ya mwembe tangu miezi mitatu.

Ufunguo umerudi kwa mwenyewe. Mujomba anatembea akisema ni yeye aliyeshinda, turbo imekataliwa. Tumemuacha aseme. Mudogo atapanda bisi ya Kolwezi siku ya kwanza ya juma, na feza zake ziko.